Damu ya Konokono wa Nchi Kavu na Mabadiliko Yake ya Msimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa wanafunzi wa baiolojia, wafugaji wa konokono na yeyote aliyewahi kupata majibu ya maabara yasiyolingana kati ya mwezi mmoja na mwingine. Jambo moja litajitokeza tena na tena: kabla ya kuuliza msimu umebadilisha nini katika damu, uliza konokono huyo alikuwa na maji kiasi gani mwilini. Anayeruka swali hilo hupotoshwa na takwimu zake mwenyewe.

Konokono ana damu kweli?

Anayo. Kitaalamu huitwa himolimfu, kwa kuwa haibaki ndani ya mishipa peke yake. Moyo huisukuma kwenye mishipa, mishipa inaishia kwenye nafasi wazi mwilini, na humo viungo vinaogelea ndani ya majimaji hayo kabla hayajarudi kupitia pafu hadi moyoni. Hapa nitaiita damu tu.

Damu hii ina kazi nyingine ambayo yetu haina kwa kiwango hicho. Konokono hana mifupa, kwa hiyo shinikizo la damu ndilo linalomsaidia kutoa pembe zake na kujitokeza nje ya gamba. Ndiyo maana aliyekaukiwa hawezi kujinyoosha vizuri hata ukimgusa.

Ni ya rangi gani, na kwa nini?

Buluu hafifu, ikiwa imebeba oksijeni. Ukichoma kwa sindano nyembamba na kutoa tone moja, mara nyingi hutoka likiwa karibu halina rangi, lenye ukungu kidogo. Liache kwenye kioo kwa muda mfupi, nalo huanza kuwa na ubuluu unaoonekana vizuri ukiweka karatasi nyeupe chini yake.

Chanzo cha rangi hiyo ni himosianini, protini yenye shaba. Atomu mbili za shaba hushika molekuli moja ya oksijeni. Protini hii haimo ndani ya seli kama ilivyo himoglobini yetu. Imeyeyuka moja kwa moja kwenye majimaji, na ni kubwa mno. Himosianini ya Helix pomatia, konokono wa Ulaya anayeliwa, ina uzito wa takriban daltoni milioni 9 (daltoni moja ni karibu uzito wa atomu moja ya haidrojeni) na nafasi 160 za kushikia oksijeni. Mwanakemia The (Theodor) Svedberg wa Sweden, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1926, aliitumia himosianini ya konokono katika mashine yake ya kuzungusha kwa kasi kubwa, akasaidia kuonyesha kwamba protini ni molekuli zenye ukubwa maalumu.

Seli zilizomo katika damu ni za kinga. Hazibebi oksijeni.

Ni vitu gani hubadilika kadiri misimu inavyopita?

Karibu kila kitu kinachopimika: jumla ya chumvi, kalsiamu, magnesiamu, glukosi, protini, urea, uchachu wa damu, kaboni dioksidi na oksijeni. Lakini havibadiliki kwa sababu moja. Vingine hupanda kwa kuwa maji yamepungua tu. Vingine hupanda kwa sababu mwili umeviongeza, na vingine hushuka kwa sababu vimeliwa kama akiba. Kutenganisha sababu hizi tatu ndiyo kazi yenyewe.

Kwa nini unasisitiza maji kiasi hicho?

Kwa sababu mwili wetu hulinda chumvi ya damu ndani ya mipaka finyu, na tunadhani kila mnyama hufanya hivyo. Konokono wa nchi kavu hafanyi. Ngozi yake hupitisha maji kirahisi, na kila anapotambaa huacha maji njiani kwa njia ya ute. Usiku mkavu mmoja unaweza kuifanya damu yake iwe nzito, na umande au manyunyu yakaipunguza tena kabla ya asubuhi, kwani ngozi iliyolowa hunyonya maji hata kama hajanywa kwa mdomo. Konokono aliyeshiba maji huwa na sodiamu ambayo mara nyingi ni kama nusu tu ya ile ya damu ya binadamu, ambayo ni milimoli 140 hivi kwa lita. Aliyekauka anaweza kuwa na kiwango cha juu zaidi sana, naye bado ni mzima.

Chukua mfano wa hesabu, wa kubuni. Wakati wa mvua umepima sodiamu 60, kalsiamu 8 na glukosi 0.6, zote kwa milimoli kwa lita. Kiangazi umepata sodiamu 90, kalsiamu 16 na glukosi 0.6. Msomaji wa haraka ataandika hivi: sodiamu imepanda, kalsiamu imepanda, glukosi haikubadilika. Sasa tazama upya. Kama sodiamu imepanda mara 1.5 kwa sababu maji ya damu yamepungua kwa theluthi moja, basi kila kitu kilitakiwa kupanda mara 1.5 bila mwili kufanya lolote. Kalsiamu ingefika 12. Imefika 16, kwa hiyo 4 zimetoka mahali pengine. Glukosi ingefika 0.9, imebaki 0.6, maana yake theluthi moja ya glukosi iliyotarajiwa haipo. Kilichoonekana kutulia ndicho kilichopungua.

Sodiamu nayo si kipimo kamili, kwa sababu kiasi fulani hupotea kwa ute na mkojo. Njia bora ni kumpima uzito konokono, kisha baadaye kupima maji ya mwili laini kwa kuukausha, na kupima osmolaliti ya damu, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka katika kilo moja ya maji. Taarifa yoyote ya msimu isiyo na walau kimoja kati ya hivyo mimi huisoma kwa tahadhari kubwa.

Nini hutokea ndani ya damu wakati wa usingizi wa kiangazi?

Hapa ndipo penye utamu wa somo lote.

Ukame unapoingia, konokono hupanda kwenye shina, ukuta au jiwe, au hujichimbia, kisha hurudi ndani ya gamba na kuziba mlango kwa utando wa ute unaokauka. Matumizi yake ya oksijeni hushuka hadi chini ya theluthi moja ya yale ya konokono aliyetulia tu, na katika baadhi ya spishi hushuka zaidi ya hapo. Vimeng'enya vinavyochoma sukari hupunguzwa kasi kwa kuongezewa au kuondolewa fosfati. Hili limechunguzwa kwa undani katika Otala lactea, konokono wa ukanda wa Mediterania.

Tundu la kupumulia hufunguka kwa muda mfupi na kufungwa kwa muda mrefu, ili mvuke usipotee. Gharama yake ni kwamba kaboni dioksidi nayo haipati njia ya kutoka. Hujikusanya kwenye damu, oksijeni hupungua, na damu huelekea kwenye uchachu. Mnyama mwingine angeelemewa. Konokono amebeba dawa mgongoni: gamba lake ni kabonati ya kalsiamu. Kaboni dioksidi na maji vikikutana na kabonati hiyo, kiasi kidogo cha gamba huyeyuka na kutoa kalsiamu na bikaboneti. Bikaboneti hupunguza uchachu, na kalsiamu hubaki ikielea kwenye damu.

Kwa hiyo ukikuta kalsiamu ya kiangazi imepanda kuliko inavyoweza kuelezwa na upungufu wa maji, usikimbilie kusema kwamba mnyama ni mgonjwa. Unachokiona ni gamba likifanya kazi ya kutuliza uchachu. Akiamka na kupumua kwa uhuru, kaboni dioksidi hutoka na kalsiamu huweza kurudishwa kuwa kabonati.

Anaweza kulala muda gani?

Katika nchi zenye misimu ya mvua inayotabirika, miezi kadhaa. Lakini wapo wanaoweza zaidi. Tarehe 25 Machi 1846, konokono wa jangwani kutoka Misri aligundishwa kwenye kadi ya maonyesho katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, ikidhaniwa kuwa ni gamba tupu. Mwezi Machi 1850 ilionekana kwamba ameweka utando mpya mlangoni. Alipowekwa kwenye maji ya uvuguvugu aliamka. Miaka minne ameishi kwa akiba yake mwenyewe.

Sphincterochila boissieri wa jangwa la Negev anaonyesha jinsi hilo linavyowezekana. Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walichapisha mwaka 1971 vipimo vilivyoonyesha kwamba konokono huyu akiwa amelala kiangazi hupoteza takriban miligramu 0.5 tu za maji kwa siku, ilhali mwilini ana takriban miligramu 1,400. Aliweza kuvumilia joto la mwili la nyuzi 50 za Selsiasi.

Glukosi hupanda au hushuka?

Inategemea umempima katika hatua gani. Anayekula usiku huwa na glukosi ya juu zaidi kuliko aliyefunga. Akilala, hutumia kwanza glaikojeni, yaani sukari ya akiba, iliyohifadhiwa kwenye tezi ya mmeng'enyo na kwenye misuli ya mguu, na damu huendelea kupata sukari kidogo kidogo. Usingizi ukirefuka na akiba ikipungua, protini huingia kwenye matumizi. Kwa hiyo mwanzo wa kiangazi na mwisho wake ni vitu viwili tofauti, na mtu anayeviweka kwenye safu moja iitwayo “kiangazi” anachanganya mnyama mwenye akiba na mnyama aliyeishiwa.

Kuna akiba nyingine, galaktojeni, iliyoko kwenye tezi inayotengeneza majimaji ya yai. Hiyo ni chakula cha kizazi kijacho, na hutumika zaidi wakati wa kutaga.

Taka za mwili huenda wapi asipokojoa kwa miezi?

Kwa kawaida konokono wa nchi kavu hubadilisha taka za naitrojeni kuwa asidi ya uriki na vitu vinavyofanana nayo, ambavyo haviyeyuki vizuri na hivyo vinaweza kulundikwa kwenye figo bila kudhuru. Ni mpango mzuri kwa asiyetaka kupoteza maji. Baadhi ya spishi, kama Bulimulus dealbatus, huongeza pia urea mwilini wakati wa usingizi wa kiangazi, nayo huondolewa upesi baada ya kuamka. Urea nyingi kwenye damu hufanya maji yasitoke kirahisi, kwa hiyo huenda si taka tu. Kwa mchunguzi, urea ni alama nzuri ya urefu wa usingizi katika spishi hizo, lakini si katika kila spishi.

Usingizi wa majira ya baridi ni sawa na wa kiangazi?

Hapana, ingawa kwa nje wanafanana: gamba limezibwa, mnyama hasogei. Kwenye baridi, joto lenyewe ndilo linalopunguza kasi ya mwili. Kukauka si tishio kubwa kama la kiangazi, hasa kwa anayejichimbia udongoni. Tishio ni barafu. Helix pomatia huziba mlango kwa kifuniko kigumu chenye chokaa. Cornu aspersum, ambaye zamani aliitwa Helix aspersa, huweka utando mwembamba zaidi.

Maandalizi huanza kabla ya baridi yenyewe, kwa kuwa urefu wa mchana ni mojawapo ya ishara anazozifuata. Huacha kula na kutoa mabaki tumboni, kwani chembe za chakula na bakteria zinaweza kuwa mahali ambapo fuwele ya kwanza ya barafu inaanzia. Maji yakipungua kiasi, damu iliyokolea huganda kwa joto la chini kidogo. Cornu aspersum anaweza kukaa bila kuganda hadi nyuzi 5 hivi chini ya sifuri.

Jambo la kuangalia katika vipimo: kwa wanyama wasiojipasha joto, baridi peke yake hubadilisha uchachu wa damu. Ukitoa damu kwa konokono aliyekuwa kwenye baridi na kuipima kwenye chumba chenye joto, umepima damu ya chumba.

Mvua ya kwanza ikinyesha, damu hurudi kawaida baada ya muda gani?

Si vyote kwa pamoja. Maji huingia haraka, kwa hiyo chumvi hupungua ndani ya saa chache. Kaboni dioksidi iliyokusanyika hutoka mapema, na matumizi ya oksijeni hupanda kwa kasi. Kupanda huko kuna hatari yake, kwa sababu oksijeni nyingi ikiingia ghafla huzalisha molekuli kali zinazoharibu seli. Utafiti wa Otala lactea ulionyesha kwamba baadhi ya vimeng'enya vya kujilinda dhidi ya molekuli hizo huongezwa wakati bado amelala, kabla madhara hayajafika. Akiba ya glaikojeni huchukua muda mrefu zaidi, maana inahitaji kula.

Ndiyo maana ningeshauri asiyekuwa na haja maalumu ya kuchunguza kuamka asichukue sampuli siku ya mvua ya kwanza. Wengine watakuwa wamenywa tayari, wengine bado, na wastani wao hautamwakilisha yeyote.

Kutaga kunaathiri damu?

Ndiyo, hasa kalsiamu na protini. Mayai ya Lissachatina fulica, konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, yana ganda la chokaa, na kalsiamu hiyo hupitia kwenye damu. Kwa kuwa msimu wa kutaga huangukia wakati wa unyevu na chakula kingi, ni rahisi kuhesabu athari ya uzazi kama athari ya mvua. Tenga wakubwa na wadogo katika takwimu zako.

Himosianini je?

Hii ndiyo protini kuu ya damu ya konokono hawa, hivyo protini yote ikipanda au kushuka, kwa kiasi kikubwa ni himosianini unayoiona. Damu ikikolea kwa ukame, kiwango chake hupanda bila mnyama kutengeneza hata molekuli moja. Njaa ndefu huweza kuipunguza. Shaba ya damu hufuata njia hiyo hiyo, na hapo wanaotumia konokono kupima uchafuzi wa metali wawe macho: shaba iliyopanda inaweza kuwa habari ya unyevu, si ya udongo.

Sampuli huchukuliwaje bila kuharibu matokeo?

Njia mbili hutumika sana: kutoboa gamba juu ya moyo na kuingiza sindano, au kuchoma kwenye nafasi ya damu ndani ya mguu. Kila moja ina mtego wake. Ukitoboa gamba, unga wa gamba ukiingia kwenye sampuli utapata kalsiamu isiyo ya damu. Futa tundu vizuri na utupe tone la kwanza. Ukichoma mguuni, ute huchanganyika na damu, kwa hiyo kausha ngozi kwanza kwa karatasi laini.

Uchachu upimwe papo hapo. Damu ikikaa wazi, kaboni dioksidi hutoroka, na kwa kuwa damu hii iko karibu kushiba kabonati ya kalsiamu, sehemu ya kalsiamu inaweza kutengeneza mashapo chini ya kichupa. Halafu utashangaa kalsiamu imeenda wapi. Damu ya konokono haigandi kama yetu, lakini seli zake hushikana na kutengeneza mafundo, basi izungushe kwenye mashine uziondoe kabla ya kuihifadhi kwenye baridi kali.

Usimwamshe aliyelala kisha ukamwandika kama aliyelala. Kumtikisa na kumlowesha kunatosha kuanza kubadilisha damu. Nawe usimtoe damu mnyama yule yule kila siku chache ukadhani unafuatilia msimu. Utakuwa unafuatilia majeraha yake.

Naweza kutumia kipimo cha sukari cha hospitali?

Sikushauri. Vijiti vile vimesawazishwa kwa damu yenye seli nyekundu na kwa viwango vya binadamu. Glukosi ya konokono huwa chini mno, na mara nyingi mashine itakuambia tu kwamba ni chini ya uwezo wake. Tumia kipimo cha maabara cha vimeng'enya, na uangalie ubuluu wa sampuli usiingiliane na rangi inayosomwa.

Ni taarifa zipi niandike pamoja na kila sampuli?

Uzito wa konokono, kipenyo cha gamba, alikuwa anatembea au amelala na utando upo au haupo, saa ya kuchukua, joto na unyevu wa hewa, na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Konokono hutembea zaidi usiku, kwa hiyo sampuli za alfajiri na za mchana zisichanganywe. Tarehe ya kalenda peke yake haitoshi. Mwezi mmoja unaweza kuwa na wiki ya ukame na wiki ya mvua, na damu hufuata wiki hizo.

Angalia pia vimelea. Minyoo inayoishi ndani ya konokono hula akiba yake na inaweza kushusha glukosi, na wingi wa minyoo hiyo nao hubadilika kwa msimu.

Mimi ni mfugaji, si mtafiti. Haya yananihusu vipi?

Yanakuhusu kwa mambo machache. Wape chanzo cha kalsiamu muda wote, hata wasipotaga, kwa sababu gamba ni ghala lao la kutulizia damu pia. Aliyelala usimwamshe mara kwa mara ili kuhakikisha yu hai. Kila kuamka hutumia akiba, na akiamka mara nyingi bila kula anaweza kufa kabla ya msimu kugeuka. Mpime uzito badala yake. Uzito unaoshuka polepole ni wa aliyelala salama, unaoshuka ghafla ni wa utando uliopasuka au mnyama anayekufa. Ukitaka waamke, ongeza unyevu na uweke chakula tayari siku hiyo hiyo.

Kuna hatari kwa anayeshika konokono au damu yake?

Ipo. Konokono, akiwemo Lissachatina fulica, wanaweza kubeba mabuu ya mnyoo wa mapafu ya panya, Angiostrongylus cantonensis, ambao kwa binadamu huweza kusababisha uvimbe wa utando wa ubongo. Vaa glavu, nawa mikono kwa sabuni, usile wala kugusa uso ukiwa kazini, na usinyonye sampuli kwa mdomo kupitia mrija. Vifaa vilivyoguswa na ute visafishwe kabla ya kutumika kwa konokono mwingine. Watoto wanaosaidia kukusanya waangaliwe kwa karibu, kwa kuwa mabuu humezwa kirahisi kupitia vidole vyenye ute.